Ua la Buluu, Filamu ya Boksi la Manjano

Likasi, 11 Januari 1976

Yaya Anne,

Salamu kwako, dada yangu, na kwa walimu wenzako wote wa Mulungwishi. Mwili wangu ni mzima. Roho si nzima, na ndiyo maana karatasi hii imetoboka hapa na pale. Kalamu nimeikandamiza mno.

Jumatano nilikwenda kwa muuza dawa wa mtaa wa Kikula kutafuta dawa ya kikohozi. Nyuma ya kichwa chake, ukutani, kulikuwa na kalenda mpya ya Ofisi ya Mimea ya Lubumbashi. Ukurasa wa Januari una ua la shaba, lile la buluu linaloota penye shaba tu, limesimama peke yake juu ya mwamba na umande bado uko kwenye majani. Yaya, ua lile ni langu. Nilipiga magoti kwenye mawe kwa ajili yake mpaka goti likatoka damu, mwaka ule Damas wangu alipokufa, nilipokuwa sina mahali pengine pa kupeleka macho. Nikamwomba muuza dawa anishushie kalenda. Nikafunua Februari, Machi, Aprili, hadi Desemba. Picha zote kumi na mbili ni zangu. Chini ya kila moja wameandika: “Picha: Mwananchi Kalenga.”

Kalenga ni nani? Ni Lambert! Lambert wetu, ila majina ya ubatizo yamekatazwa kwenye karatasi za serikali. Lambert rafiki wa marehemu mume wangu, aliyekula mezani kwangu kila Jumapili, niliyemfundisha mwenyewe jinsi ya kuingiza filamu kwenye kamera bila kuiunguza kwa mwanga. Mwaka juzi Ofisi ilipotangaza inatafuta picha za maua, nilimpa bahasha ya picha zangu aipeleke kwa sababu alikuwa anapanda treni. Nyuma ya kila picha niliandika jina langu kwa penseli. Aliporudi akaniambia, “Shemeji, hawakuzipenda. Wanasema rangi ni dhaifu.” Nikamshukuru kwa kujisumbua, nikampikia bukari ya unga mweupe na samaki. Miezi mitatu baadaye Ofisi ile ile ikamwajiri kuwa mpiga picha wake na kumpa nyumba yenye baraza. Na mimi mjinga nikafurahi. Nikamshonea mke wake Martine pazia la dirisha la nyumba ile. Pazia, Yaya!

Utaniambia niende Lubumbashi na negatifu zangu nikaseme. Negatifu ninazo zote. Lakini najijua. Atalia, atanishika miguu, atamtaja Damas, nami nitalainika na kurudi nyumbani mikono mitupu. Sitaki aombe msamaha. Nataka aanguke mbele ya wale waliompa kiti, na ajikwae kwenye jambo ambalo angelijua kama kazi ingekuwa yake. Bado sijui vipi. Nitangoja.

Mdogo wako,
Hortense


Lubumbashi, 9 Februari 1976

Shemeji mpendwa Hortense,

Nakuandikia nikiwa na furaha na aibu pamoja, kwa kuwa nimekaa muda mrefu bila kukusalimu. Kazi za ofisi, shemeji, zinanimeza. Hata hivyo hakuna siku ninayopita mbele ya studio bila kumkumbuka marehemu Damas na mikono yako iliyobarikiwa.

Nina ombi dogo. Ofisi inataka kutoa kalenda nyingine, kubwa zaidi, na Profesa Stanislas, anayesimamia mambo ya maua, ameniagizia vifaa vipya: lenzi ya 35, ya 50 pamoja na pete zake za kurefusha, na ya 135. Filamu ziko za aina mbili, za boksi la manjano na za boksi la machungwa. Sasa mzee huyu ananiuliza maswali kila siku. Kwa maua, lenzi ipi? Filamu ipi? Kwa nini? Mimi najua, bila shaka, lakini napenda kusikia pia mawazo ya mtu wa kazi kama wewe.

Na kama unazo picha za karibuni za ua la shaba, nitumie chache tu, kama mfano, nijifunze namna unavyopanga. Miguu yangu siku hizi haipandi vilima; kila dakika naitwa mkutanoni.

Martine anakusalimu sana. Pazia lako bado linapendeza, wageni wote wanaliuliza.

Shemeji yako,
Lambert


Likasi, 22 Februari 1976

Shemeji Lambert,

Barua yako imenifurahisha kuliko unavyoweza kufikiri. Nimeisoma mara nne.

Haya, tuanze na lenzi. Ile ya 35 ni ya kuonyesha ua na nyumba yake: utapata kilima chote, ardhi nyekundu isiyoota mti, na ua dogo mbele. Lakini usilisogelee sana, shina litapinda na kichwa kitavimba. Ile ya 135 ni ya mvivu na ya mwenye kuogopa nyoka. Unasimama mbali, nyuma kunayeyuka kama uji, ua linatoka safi. Tatizo lake ni upepo, maana mtikisiko mdogo unaonekana mkubwa, kwa hiyo uwe na miguu mitatu ya kamera na subira. Mimi nachukua 50 na pete zake. Inakulazimisha upige magoti na kukaa hapo, na ukikaa utaona kwamba petali zina nywele, kwamba kuna sisimizi ndani. Funga mwanya wa lenzi mpaka nane au kumi na moja. Ukiuacha wazi, nusu ya ua itakuwa ukungu. Piga asubuhi kabla jua halijawa kali, na usimwamini mtu anayekuambia saa sita ni sawa.

Filamu. Mimi siku hizi natumia boksi la manjano. Rangi zake zina uhai, zinachekesha jicho. Nakutumia picha sita nilizopiga mwaka jana mwezi wa nne, zote kwa 50 na filamu hiyo. Ni ua lile lile la shaba, la kilima cha upande wa Shinkolobwe. Zitumie utakavyo. Nyuma sikuandika kitu.

Msalimu Martine.

Shemeji yako,
Hortense


Likasi, 23 Februari 1976

Yaya Anne,

Amekuja mwenyewe! Ameniletea shingo yake kwenye bahasha yenye stempu.

Nikueleze, kwa maana wewe hukuwahi kuingia chumba cha giza. Yale niliyomwandikia juu ya lenzi ni kweli tupu, sikuweza kuidanganya kazi yangu. Juu ya filamu nilinyamaza mahali pamoja. Filamu ya boksi la manjano ni nzuri kwa harusi na kwa watoto wa komunyo, ngozi zinatoka zenye joto. Lakini kuna maua ya buluu yanayorudisha wekundu fulani ambao jicho letu halina habari nao, na filamu ile inauona. Ua la shaba ni mojawapo. Unapiga buluu, unachapa rangi ya waridi. Mara ya kwanza ilinitokea nilidhani nimekosea dawa. Nikamwaga dawa nzuri bure. Ile ya boksi la machungwa inafuata jicho, inatoa buluu iliyochoka kidogo lakini ni buluu. Kalenda yote aliyoiba niliipiga kwa hiyo ya machungwa. Unaweza kujaribu kurekebisha kwa vichujio wakati wa kuchapa, lakini ukilirudisha ua kwenye buluu, majani nayo yanageuka kama ya mtu mgonjwa. Hakuna dawa. Anayejua hayo ni yule aliyepiga ua kisha akasimama hapo hapo akalitazama.

Lambert hajawahi kulitazama. Basi nimemtumia maua sita ya rangi ya waridi. Kwenye kalenda yake lile la Januari ni la buluu, lakini yeye atadhani haya ni mengine, jamaa zake. Ataandika kwa mwandiko wake mzuri, “Ua la shaba, la waridi,” na kumpelekea Profesa ambaye amezunguka vilima hivi miaka ishirini. Profesa atamwuliza: wewe ulilipiga wapi ua hili, kitandani kwako?

Sijalala vizuri hivi tangu mazishi ya Damas.

Hortense


Mulungwishi, 3 Machi 1976

Mdogo wangu,

Nimesoma barua zako mbili mfululizo. Lambert ni mwizi, hilo sikatai, na kama ningekutana naye ningemwambia mbele ya mke wake. Lakini wewe una negatifu. Mtu mwenye ushahidi mkononi anayechagua mtego hatafuti tena haki yake, anatafuta kufurahi. Nakufahamu tangu ulipokuwa unaficha viatu vya ndugu yetu Évariste ili apigwe kwa kuchelewa ibada. Ulifurahi kila mara, na kila mara alipopigwa ulilia kuliko yeye.

Peleka negatifu Lubumbashi. Nitakusindikiza mimi mwenyewe likizo ya Pasaka.

Dada yako,
Anne


Lubumbashi, 20 Machi 1976

Shemeji, shemeji!

Sijui nikushukuru vipi. Profesa Stanislas alipoona picha zile alisimama kutoka kwenye kiti chake. Mzee yule hasimami kwa ajili ya mtu yeyote! Anasema ua la shaba la buluu analijua kama mkono wake, lakini la waridi hajawahi kuliona wala kusoma kwamba lipo. Anasema huenda ardhi ya pale ina kitu kingine ndani yake kinacholibadilisha. Anataka kuliandika kwenye jarida la Ulaya. Ameniuliza nani alilipiga, na shemeji, ulimi ulitangulia akili, nikasema ni mimi. Utanielewa. Tutalitazama hilo baadaye, mimi na wewe, kindugu.

Sasa shida. Anataka mashina kumi na mizizi yake, yakiwa mabichi, kabla mvua hazijakatika. Naja Likasi mwenyewe mwezi ujao na kamera. Niambie tu mahali kamili, nisikusumbue. Hata nyumbani kwako sitapita, nitakuwa mbio mbio.

Lambert


Likasi, 27 Machi 1976

Shemeji Lambert,

Hongera. Pita kilima cha kwanza upande wa Shinkolobwe, pale utaona ya buluu tu. Usikate tamaa. Endelea mbele, teremka, panda tena. Ya waridi yanapenda kujificha. Ukiona bado ni ya buluu, ujue hujafika.

Safari njema.

Hortense


Lubumbashi, 14 Aprili 1976

Mama Hortense,

Ni mimi Martine, mke wa Lambert. Sijawahi kukuandikia, nisamehe mwandiko.

Lambert amekamatwa. Ni siku ya sita leo. Alipita kizuizi cha askari cha Shinkolobwe kwa miguu, kupitia porini, akiwa na kamera na lenzi ile ndefu. Askari walimkuta amepiga magoti kwenye majani karibu na uzio wa mgodi ule wa urani uliofungwa. Wanamshikilia hapo Likasi. Wanasema ametumwa na watu wa nje kupiga picha za mahali pasipopigwa. Aliwaambia anatafuta ua la waridi. Wakampeleka mpaka kwenye kilima wakamwambia awaonyeshe. Yote ni ya buluu, Mama Hortense. Alitoa zile picha zako mfukoni, wakasema picha za ua lisilokuwepo ni alama ya siri.

Nilikwenda Jumatatu, wakaniruhusu kuzungumza naye kupitia dirisha. Aliniambia kila kitu. Kwamba picha za kalenda ni zako. Kwamba bahasha ile hakusema ni ya nani, na alipoona wanazipenda akazibandika kwenye kadi nyeusi ili jina lako la nyuma lisionekane. Mimi sikujua, naapa kwa watoto wangu wanne. Nilikuwa nawaonyesha wageni kalenda ile nikijivuna.

Anasema wewe peke yako ndiye unayejua kwa nini ua limegeuka rangi. Anaomba uje uwaeleze wakubwa wale. Na anaomba useme picha ni zake. Profesa atakuwepo siku ya Alhamisi ya wiki ijayo, ameitwa kumtambua. Ofisi ikijua Lambert hakupiga hata moja, atafukuzwa, na nyumba hii ni ya Ofisi. Hayo ni maneno yake, mimi nayabeba tu. Langu ni moja: usimwache mle ndani.

Martine


Mulungwishi, 18 Aprili 1976

Hortense,

Barua ya Martine uliyonitumia nimeisoma. Ulijua kizuizi kiko pale.

Nenda Alhamisi. La kusema utalichagua mwenyewe.

Anne


Likasi, 25 Aprili 1976

Yaya Anne,

Nilijua kizuizi kiko pale, ndiyo. Nilidhani watampiga kelele tu na kumrudisha, achoke, achafuke, arudi kwa Profesa na mashina ya buluu mkononi. Askari wanaopekua mifuko na wiki mbili za kulala chini sikuzifikiria. Sitajitetea zaidi ya hapo.

Alhamisi asubuhi nilipanda kilima cha kwanza, nikachimba shina moja la ua la shaba na udongo wake, nikalitia kwenye kopo la maziwa. Nikachukua picha mbili nilizochapa usiku wa kuamkia siku ile, ua lile lile, lenzi ile ile ya 50, saa ile ile, mwanga ule ule wa dirisha. Ya kwanza kwa filamu ya boksi la manjano, ya pili kwa ile ya machungwa. Na kwenye mkoba nikatia negatifu zote za kalenda. Njiani nilikuwa bado sijui nitasema nini. Nilikuwa na majibu mawili, ni zake na ni zangu, yote yamenyooka.

Walituweka chumba kimoja. Mkubwa wao nyuma ya meza, Profesa Stanislas kwenye kiti cha pembeni na kofia magotini, Lambert amesimama. Viatu vyake havina kamba. Amekonda, ndevu zimemtoka vipande vipande. Aliponiona alitabasamu, Yaya, tabasamu lile la Jumapili anapoomba aongezewe mchuzi.

Yule mkubwa akaniambia, “Mama, huyu muntu anasema alikuwa anatafuta mauwa ya rose. Tulimupeleka pale, yote ni ya bleu. Weye unasema nini?”

“Chef, hasemi bongo, haiko muongo. Filme njo inasema bongo.”

Nikaweka kopo mezani, na picha mbili kushoto na kulia kwake. Akazishika, akazigeuza, akalitazama ua. “Hii moya ulitia rangi.”

“Apana, chef. Angaria majani. Kama nilitia rangi, na majani ingebadirika. Majani ni moya kwa foto zote mbili. Mauwa tu njo imebadirika. Hii filme inaona rouge yenye macho yetu haioni.”

Akayalinganisha majani. Profesa alisimama, akainama juu ya meza mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akasema polepole kwa Kifaransa kwamba alisikia habari za namna hiyo zamani kuhusu maua mengine na hakuwahi kuamini. Kisha akajicheka mwenyewe. Nilimpenda kwa hilo.

Mkubwa akauliza, “Sasa hizi foto ni za nani?”

Lambert alinitazama. Profesa pia. Ilikuwa rahisi sana, Yaya: ningesema za Lambert, na sote tungetoka kwa mlango ule tukiwa kama tulivyoingia. Nikafikiri juu ya Martine na watoto wanne, usidhani sikufikiri. Halafu Lambert akatikisa kichwa kidogo, kunihimiza, kama mtu anayemhimiza mtumishi alete sahani. Ni hapo nilipoamua.

“Ni zangu,” nikasema. “Na zenye kuwa kwa kalendrier, zote kumi na mbili, ni zangu. Negatif ni hizi.”

Nikazimwaga mezani. Profesa akaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Alipofika kwenye ua la Januari akamgeukia Lambert, bila hasira, akamwuliza, “Kalenga, hii ulipiga na objectif gani?” Lambert akajibu mia na thelathini na tano. Profesa akanitazama mimi. “Cinquante na pete,” nikasema, hamsini yangu ile ile, “na ukitaka, Profesa, nitakuonyesha jiwe lenyewe.” Lambert akaanza kutazama viatu vyake.

“Na kule kwa barrière ya Shinkolobwe alifika namna gani?” mkubwa akauliza.

“Minye njo nilimutuma, chef. Aliniibia, nikamutuma kutafuta kitu chenye hakiko.”

Nilidhani mimi ndiye nitalala pale. Kumbe yule mkubwa alianza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani na kupangusa macho, akawaita askari wawili waje wasikie. “Bantu ba mauwa!” anasema. “Banaibiana mauwa!” Wakatuandikisha maelezo, tukatia sahihi. Niliandika Hortense Ngalula. Akakata Hortense kwa kalamu yake nyekundu. “Jina ya bakubwa ba zamani tu, mama.” Profesa ameahidi kwamba kalenda ijayo itaandikwa “Picha: Mwananchi Ngalula.” Yaya, mtaa wa Panda peke yake una Ngalula wangapi? Ukiita jina hilo sokoni, nusu ya wauza mboga watageuka. Nimelipigania jina langu na nimepewa la wote.

Lambert alitoka jioni ile ile. Alipita mbele yangu kwenye ngazi, akashuka mbio mbio. Utataka kujua kama nilisikitika. Nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikala bukari yote iliyokuwa sufuriani, nikaikwangua. Ule utabiri wako wa kulia haujatimia, na leo ni siku ya tatu.

Hortense


Lubumbashi, 30 Mei 1976

Mama Hortense,

Lambert amefukuzwa. Alikaa hapa wiki tatu bila kuoga, kisha akapanda treni kwenda kwao Kongolo. Anasema atatuita. Hatatuita, namjua. Ofisi imetupa mpaka Jumamosi tutoke, kuna mpiga picha mpya mwenye mke na mama mkwe.

Sikuandikii nikulaumu kwa kusema kweli. Picha ni zako, ulikuwa na haki ya kusema. Lakini ulijua nyumba itakwenda, nilikuandikia mwenyewe kwa mkono huu. Ulikuwa unamdai Lambert, deni ukalidai kwangu. Lambert ana Kongolo. Mimi wazazi wangu wamekufa, na kaka yangu aliyekuwa Koni kwenye mashine za umeme amehamishwa sijui wapi.

Kwa hiyo ninakuja kwako. Mimi na watoto wanne, kwa treni ya Jumamosi. Najua una vyumba viwili, Lambert alikuwa akisema. Nitapika, nitafua, nitashika kazi yoyote ya studio utakayonionyesha, lakini sitakuja nimeinamisha kichwa. Mimi sikukuibia kitu. Usijibu, barua haitanikuta.

Martine


Likasi, 2 Juni 1976

Yaya Anne,

Nimeambatisha barua ya Martine. Isome, kisha uirudishe.

Jana nilizunguka nayo mfukoni siku nzima, nikiibishia kwa sauti, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama ninaumwa. Nimemwandikia majibu matatu, ingawa ameniambia nisijibu. La kwanza lilikuwa la matusi. La pili nilimweleza kwamba mimi ni mjane na chumba cha pili kimejaa karatasi na machupa ya dawa. La tatu sikulimaliza. Kila nikitafuta neno moja la uongo katika barua yake ili nilishike na kumrudishia, silioni. Nilitaka Lambert akose pa kulala. Nani analala pembeni yake, sikujiuliza.

Usifikiri nimemsamehe yule. Akijitokeza mlangoni kwangu nitammwagia ndoo ya dawa ya kuoshea picha, na nitaichagua iliyotumika. Ikiwa Martine anamlilia usiku, amlilie kimya kimya.

Leo nimehamisha machupa. Mtoto mkubwa ana miaka kumi na mmoja, sijui wanasoma darasa gani, sijui wanakula nini. Nina kitanda kimoja na mikeka miwili iliyochakaa. Wewe unaangalia bweni la wasichana, unajua ni magodoro gani yamewekwa kando. Lori la misheni linashuka Likasi Ijumaa.

Usiniandikie mahubiri, Yaya. Tuma magodoro matatu. Treni inafika saa nne, na nitakuwa stesheni.

Hortense